Maji ya Fahali

Kwenye benchi la gogo la mkorosho, ukutani pa duka la kijiji, nusu saa kwa miguu kutoka Newala mjini, hapakuwa na mtu aliyewahi kufuga ng'ombe kabla Serikali haijawaletea majike saba na fahali mmoja. Walikuwa watu wa korosho na mihogo. Ng'ombe walimfahamu ndani ya pilau. Lakini asubuhi hiyo ya Februari 1976, mvua imekatika na ukungu umejaa bondeni, kila aliyeshika kikombe alikuwa bingwa wa uzazi wa ng'ombe. Mwanakombo, aliyerithi birika la kahawa na wateja wake kutoka kwa marehemu mumewe, alipepea mkaa akiwasikiliza. Mgongoni alikuwa amembeba Pili, binti wa mwanawe Sadallah, miezi miwili, tumbo limejaa. Mama yake Pili hakutoka salama kwenye uzazi. Wiki ileile ng'ombe wa kijiji walianza kuzaa, na mashavu ya mtoto yalitoka huko, kwa maziwa ya kuchemshwa na kuzimuliwa kama manesi wa hospitali ya Ndanda walivyoelekeza.

— Sita! Ndani ya wiki mbili! alisema Shamte, ambaye kwa kumiliki redio peke yake aliitwa Redio. Mwaka juzi wamezaa Agosti, nyasi zimekauka, ndama watatu wote tukawazika. Safari hii kumetokea nini? Nitawaambia. Mizinga.

— Mizinga gani tena, asubuhi yote hii?

— Ya Mreno, ng'ambo ya Ruvuma. Jike akisikia kishindo mimba inajikunja. Vita imekwisha, tumbo limekunjuka. Kitu rahisi.

— Mwaka juzi mbona walishika na mizinga inalia?

— Walishika kwa hofu. Ndiyo maana walizaa vibaya.

Bwanali, balozi wa nyumba kumi, alijikohoza kama anayefungua mkutano.

— Mshukuruni aliyestahili. Machi mwaka jana nilihutubia pale ofisini, nikasema kila mmoja azalishe. Ng'ombe walikuwa wanachungwa nyuma ya ofisi. Walisikia.

— Balozi, hotuba ile sisi wenyewe tulisinzia!

— Ninyi mlisinzia. Ng'ombe hakusinzia.

Mwanakombo aliinamia birika ili wasimwone anavyocheka. Mtoto alijinyoosha, akatulia.

— Hamjasoma, ndiyo shida yenu, alisema January. Huyu walimwita Chidya, kwa sababu aliwahi kusoma sekondari ya huko mihula miwili na hakuacha kuitaja. — Fahali yule katoka shamba la Serikali. Kalelewa na wataalamu. Alipofika hapa akatazama mawingu, akahesabu miezi tisa kwa kwato, akasema, nikiwapanda Machi, ndama watakuta majani ya Desemba.

— Akasema na nani?

— Na nafsi yake. Msomi hahitaji mtu.

Mwanakombo alimimina mzunguko wa tatu. Hesabu ya miezi tisa ilikuwa ya kweli, ila haikufanywa kwa kwato. Bwana mifugo aliyetangulia aliisema mara moja, mguu mmoja umeshapanda Landrova: fahali akae na majike Machi na Aprili tu, wakati wamenona, miezi iliyobaki atengwe. Waliosikia walikuwa arobaini. Aliyefanya alikuwa mmoja, Anselmo, Mmakonde wa Mueda aliyevuka Ruvuma na vita mgongoni. Majike waliteremka bondeni kunywa. Fahali hakuweza kufuatana nao, angewapanda hukohuko njiani, kwa hiyo maji yake yalipandishwa: madebe mawili kila asubuhi, yakining'inia kwenye ncha za mzega, mteremko ambao mtu mikono mitupu huupanda akitaja majina ya Mungu. Miezi kumi.

Na keshokutwa Anselmo alikuwa anarudi kwao. Nchi yake ilikuwa huru.

Mwanakombo alikuwa ameshapiga hesabu yake. Maziwa ya sasa yangekauka kufikia Septemba. Kama fahali angeachiwa mwaka mzima, ndama wangezaliwa tena kiangazini, na Pili, ambaye hakuwa na ziwa la mama la kumsubirisha, angeingia mwaka wa pili kwa uji mtupu.

— Mimi naona kesho kwenye mkutano wa kijiji tuamue kumwachia fahali, alisema Redio. Kutenga kuna hasara. Yule jike wa saba alikosa ndani ya ile miezi miwili, sasa anakula mwaka mzima bure, hana ndama wala tone.

— Mmoja kakosa, sita wamepata, alisema Mwanakombo. Mwaka juzi hamkutenga, mlipata wangapi?

Redio akapuliza kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa.

— Mama Sadallah ana hoja, alisema Balozi. Tutatenga. Kazi yenyewe iko wapi? Zizi lipo. Fahali anakaa, anatafuna.

Hapo baiskeli ikasimama. Kijana mwenye lafudhi ya Shinyanga aliwaamkia wote shikamoo, akajitaja: Dastani, bwana mifugo mpya.

— Nimetoka kuona ndama. Nimefurahi sana, wazee. Na fahali mmemtenga vizuri. Nilikuwa na swali dogo tu. Kuanzia keshokutwa, nani atampandishia maji?

Redio alitazama redio yake pajani. Chidya alitazama mawingu. Balozi alitazama ndani ya kikombe chake, akakitikisa, kisha akakinyoosha kwa Mwanakombo.

— Imeisha, alisema Mwanakombo.

— Naona inafuka moshi.

— Kimebaki kikombe kimoja, kina mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa anatokeza kwenye ukingo wa mteremko, mzega begani, shingo imelowa. Anselmo aliweka madebe chini, akachota kata moja, akamimina katika mtungi wa Mwanakombo kama alivyofanya kila siku.

— Karibu, baba, alisema Mwanakombo, akimpa kikombe kwa mikono miwili. Mjukuu wako anakushukuru. Akageukia benchi. — Nanyi mshukuruni. Miezi kumi mnakunywa maji ya fahali, mnadhani kahawa inachemka kwa umande?

Balozi alivua koti lake, akalikunja, akaliweka kwenye benchi. Akaenda kuyamwaga maji ya madebe yote mawili katika hori la fahali, akarudi, akauweka mzega begani.

— Bega la kushoto, Balozi, alisema Anselmo kwa upole. La kulia utalihitaji ukipanda.

Akaubadilisha. Chidya akainuka akamfuata, akisema kesho ni zamu yake. Redio akasema ya keshokutwa ni yake, ila baada ya taarifa ya habari.

Mwanakombo alimkaza Pili mgongoni.

— Na ya birika, Balozi! Usiisahau ya birika!