Historia ya Joseph Kimaiyo Kirwa, Fundi wa Kutoboa Faiba

Mchungaji, wazee wetu, majirani, na ninyi nyote mliofika hapa kijijini Kwanza tangu asubuhi, mimi ni Jepkemboi, dada yake mdogo marehemu, na ningependa mtu mwingine ayasome haya, lakini mama amesema nisome mimi.

Joseph Kimaiyo Kirwa alizaliwa tarehe 14 Aprili 1976 katika boma hili, mtoto wa pili wa Mzee Kirwa na Mama Tabitha, akaanza shule ya msingi mwaka wa 1983 na kumaliza darasa la nane mwaka wa 1990, kisha akaingia sekondari, ambayo aliiacha kidato cha pili kwa hiari yake, jambo lililomuudhi baba sana; Joseph alikuwa amemwona fundi mmoja mjini Kitale akinyoosha mlango wa gari uliobondeka, na tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine.

Fundi huyo, Mzee Muturi, alimpokea Januari 1993 na kumfundisha kazi ya bati, lakini magari yenye boneti na bampa za faiba, ile plastiki ngumu ya nyuzi za kioo, yalipoanza kuja, mafundi wengi waliogopa kuzitoboa ili kuweka taa au eriali, maana faiba ukiiharakisha, rangi ya juu inapasuka na ufa unakimbia hadi ukingoni. Kimaiyo aliokota vipande vilivyotupwa, akavipasua vingi, mpaka akajua kubandika tepu ya karatasi pande zote mbili, kuegemeza ubao kwa nyuma, kuanza na kitundu kidogo, kuzungusha msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili kinyumenyume hadi ukwangue ile rangi, ndipo augeuze akate polepole, na kumalizia kwa msasa. Watu walimletea kazi kutoka Ndalu na Naitiri, nao walipenda kupitisha kidole ukingoni mwa tundu na kukosa mahali panapokwaruza.

Tarehe 6 Desemba 2003 alifunga ndoa kanisani Kitale na Linet Nekesa wa Ndalu, wakajaliwa Kipngeno mwaka wa 2005 na Cherop mwaka wa 2009, na mwaka wa 2010 wakahamia Bungoma, ambako alifungua karakana yake pamoja na rafiki yake Kizito.

Alifanya kazi akiwa amejifunga leso yenye maji mdomoni, na barakoa ambayo Linet alimnunulia aliivaa siku mbili tu, akasema inatia ukungu kwenye miwani na haoni mstari. Kikohozi kilianza mwaka wa 2021, na Juni 2022 daktari alituonyesha picha ya mapafu yenye makovu, akasema makovu hayo hayarudi nyuma. Tulimuuliza kama ni vumbi la faiba, akajibu kwamba huenda, ila hawezi kuapa, nasi tukarudi nyumbani bila hata kitu cha kukasirikia.

Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, akiwa hawezi tena kushika drili, aliomba apelekwe karakana, akaketi kwenye kiti karibu na Kizito aliyekuwa akitoboa paa la faiba la gari la wagonjwa ili kuweka taa. Nilikuwepo. Kimaiyo aliona ubao wa nyuma umeteleza, akainua mkono, akafungua mdomo, sauti isitoke, na Kizito alikuwa amempa mgongo, na mimi sikuelewa anachotaka mpaka paa lilipopasuka. Kizito alizima mashine na kuanza kulia, na kaka yangu, alipopata pumzi, alimwambia, "Si kosa lako, Kizito. Nilikuwa naona, ni kusema tu ndiyo ilinishinda." Hakurudi karakana tena.

Alituacha Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Bungoma, mtungi wa oksijeni ukiwa bado umejaa, Linet akimshikilia mgongo asianguke, nami nikimpepea kwa kalenda ingawa dirisha lilikuwa wazi, kwa sababu sikujua lingine la kufanya. Aliniangalia, akasema, "Jepkemboi, utachoka." Nikamwambia sichoki, lakini hakuwa ananisikia tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliotuambia ukweli, majirani wa Bungoma waliobeba mitungi kwa zamu, mafundi wa Kitale waliofunga karakana zao leo, Mzee Muturi, aliyekuja ingawa miguu yake haimruhusu, na Kizito, ambaye amekaa huko nyuma kabisa na ambaye tunamwomba asogee mbele, akae na watoto.

Kaka, tulikuwa wengi karibu nawe na hatukuweza kitu. Pumzika kwa amani, Kimaiyo, mimi mkono wangu haujachoka.