Nashuhudia Kabla ya Ijumaa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na nyinyi pia mnaoingia sasa hivi kwa sababu metro ya Sanyuanli ilijaa. Tafuteni viti, hamjakosa kitu.

Kwa wageni, mimi ni Mama Wanza, kwetu Machakos. Hapa Guangzhou nimekaa miaka kumi na moja. Nina ofisi ndogo ya kusafirisha mizigo, na ninawanunulia watu wa Nairobi vitasa vya milango. Ukiona mlango Nairobi unafungika vizuri, huenda ni mimi. Baba Wanza yuko nyumbani Machakos anaangalia duka. Wanza ni binti yetu, yule anayewafundisha watoto wenu nyimbo, na yuko mwaka wake wa mwisho wa sekondari.

Najua desturi yetu hapa. Mtu hushuhudia akishapata. Visa imetoka, anasimama. Kontena limefika, anasimama. Mimi leo nimesimama na sijapata. Jibu la Wanza la chuo linatoka Ijumaa hii saa mbili asubuhi. Mchungaji aliniuliza kama nisingengoja wiki moja zaidi. Nikamwambia hapana, nikingoja nitashuhudia jambo lingine.

Wanza anataka kusomea mambo ya maji, mito na visima, na amekipenda chuo kimoja Marekani. Kuna njia ya kuomba mapema. Unachagua chuo kimoja tu, unaahidi kwa sahihi kwamba wakikuchukua utakwenda kwao na si kwingine. Mzazi anatia sahihi, shule inatia sahihi, kisha unajibiwa Desemba, kabla wenzako wengi hata hawajamaliza kuomba. Chuo kimoja tu! Ndugu zangu, mwambie neno hilo mfanyabiashara wa Guangzhou uone! Mimi nikiingia soko la vitasa naulizia maduka matano, na kila muuzaji namwambia yeye ndiye ninayemtaka. Akiniambia meiyo, hakuna, nampa mgongo, na kabla sijafika kwenye ngazi ameshaniita. Ndivyo nilivyoilisha nyumba yangu. Sasa mtoto wangu anakwenda kumwambia mtu mmoja, nakutaka wewe peke yako! Niliona ni ujinga. Nikaogopa. Chakula kikawa hakipiti. Niliona akikataliwa atarudi nyumbani kukaa tu, na mimi ndiye niliyemleta huku mbali.

Hapo nikakosea. Kwenye jengo letu kuna ajenti wa karatasi za wanafunzi. Nilimweleza shida yangu, akaniambia ni rahisi: tutume ombi kwa chuo cha pili, na ahadi ileile, halafu tuone nani atajibu vizuri. Nywila ya Wanza ya ukurasa wa maombi nilikuwa nayo, maana kila siku nilikuwa naingia kuchungulia kama kuna jipya. Nikampa. Nikatia sahihi yangu chini. Wanza alikuwa shuleni, hakujua lolote. Nikatoka pale nimefurahi, kama mtu aliyepewa bei ya jumla kwa dazeni moja.

Kumbe ombi lile lilihitaji sahihi ya shule pia. Likaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Lin, mama wa Kichina anayewasaidia wanafunzi kuomba vyuo. Alhamisi moja akatuita wote wawili. Akaweka karatasi mbili mezani: ahadi mbili, vyuo viwili, jina moja. Akamwambia Wanza kwamba huku ni kudanganya, kwamba vyuo vikijua vinaweza kumkataa vyote viwili, na kwamba yeye mwenyewe huenda akaiondoa barua ya kumpendekeza aliyomwandikia. Akampa hadi Jumatatu aeleze.

Wanza alizisoma zile karatasi hadi chini. Kisha akasema, "Samahani, Mwalimu. Nitaeleza Jumatatu."

Mimi nilikuwa nimekaa kando yake, na nilinyamaza. Ndugu zangu, mimi huyu, ambaye nikiomba hapa majirani wa chini hugonga dari, nilinyamaza! Nilijiambia nitatafuta njia. Siku mbili tulikula meza moja. Nilimuuliza kama anataka chai, akasema ndiyo, asante. Hakuniuliza kitu, nami nikashukuru kwamba hakuniuliza. Tazameni mtu alipofika.

Jumamosi nilikuwa na mteja kutoka Nairobi, nikampeleka kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou. Pale ana kibanda Madamu Huang, mwenye kiwanda cha vitasa. Nimenunua kwake miaka saba. Nilipofanyiwa upasuaji aliniletea supu hospitalini, na huniita jiejie, yaani dada. Msimu ule nilikuwa nimemwahidi oda yote. Na jirani yake, kibanda cha pili, nilikuwa nimemwahidi oda ileile, nikamwandikia na karatasi. Ni kazi ya kila siku, nilikuwa sihesabu hata kuwa ni uongo.

Madamu Huang alinikaribisha kiti, akanimiminia chai. Halafu akasema taratibu, "Dada, kama uliniahidi mimi, kwa nini jirani ana karatasi yenye jina lako?"

Hakufoka. Afadhali angefoka. Nilizoea watu wa sokoni wanaorusha kikokotoo, hao najua kuwajibu. Nilikaa juu ya boksi la vitasa nikalia mbele ya watu. Mteja wangu alidhani ni bei, akaanza kunibembeleza kwamba ataongeza kidogo.

Pale ndipo Bwana aliponishika. Sikusikia sauti, sitawadanganya. Niliona tu karatasi mbili mezani kwa Mwalimu Lin na karatasi mbili pale Pazhou, na mwandiko ni mmoja, wangu. Nikajua hofu yangu ilikotoka. Sijawahi kumpa mtu yeyote neno langu nikaliacha likae. Hata Mungu nilikuwa namwomba huku nina duka la pili. Nafunga siku tatu, na siku ya nne naenda kwa ajenti!

Nilimwomba Madamu Huang msamaha, nikaenda kwa jirani yake nikaifuta ile oda, nikapokea maneno makali niliyostahili. Kisha nikarudi nyumbani. Wanza alikuwa kwenye roshani anaanua nguo. Nilimwambia yote, bila kujitetea. Aliendelea kukunja shuka hadi likaisha.

"Nilijua, Mama," akasema. "Sahihi yako naijua. Nilikuwa nasubiri useme."

Nikamuuliza angemwambia nini Mwalimu Jumatatu. Akasema angemwambia ni yeye. Ndugu zangu, nimezaa, nimefiwa, nimekwama uwanja wa ndege na mtoto mgongoni, lakini hakuna kitu kilichowahi kunivunja kama neno hilo.

Jumatatu nilikwenda shuleni nikasema ni mimi. Mwalimu Lin alivua miwani. Kisha akasema kwa kuwa yeye hakutia sahihi, ombi la pili halijakamilika na linaweza kuondolewa, lakini barua ya kuliondoa niandike mimi, na niseme kweli. Nikaandika palepale ofisini kwake, Wanza akanisahihishia Kiingereza. Kile chuo cha pili kikajibu kwamba wamelifuta. Barua ya Mwalimu ikabaki. Tukabaki na chuo kimoja, na Desemba mbele yetu.

Na hapa ndipo ukombozi wangu ulipo. Zile wiki nilizoziogopa zimekuwa nzuri! Nakula, mnaona wenyewe gauni linavyolalamika. Wanza amebadilisha nywila na mimi sijaiuliza. Jumanne iliyopita mkono ulitaka kumpigia ajenti, nikaupa kazi ya kukanda unga. Madamu Huang bado ananiuzia, ila sasa ananitaka nitie sahihi mbele ya macho yake, na ana haki. Mtoto wangu ananisimulia mambo ya mito asiyoijua mtu, nami namsikiliza badala ya kupiga hesabu kichwani.

Kwa hiyo wewe uliyekaa hapo unangoja, iwe visa, iwe mchumba, iwe majibu ya daktari, nami najua una duka la pili mahali, nakusihi ulifunge. Mwambie Bwana nakutaka wewe peke yako, kabla ya kujua bei. Mimi nilichelewa, na bado alinipokea.

Mnaweza kumwombea Wanza akubaliwe, sitawazuia, mimi ni mama. Ameomba ruhusa kuchelewa shule siku hiyo. Jana usiku wakati wa chakula aliniambia, "Ijumaa ukae karibu nami, Mama. Jibu nitalifungua mimi." Nikasema sawa. Likiwa ndiyo, tutampigia Baba Wanza simu tulie wote watatu. Likiwa meiyo, safari hii simpi mtu mgongo. Mtanikuta nimekaa palepale, kando yake, na nitasema kwa sauti mapema kuliko yeye: mwanangu, nipo. Sifa ni za Bwana tangu leo.