Aliyeandika "Tumehamia Hivyo Hivyo"

Ndugu mshereheshaji, Baba Paroko, mheshimiwa mwenyekiti wa kamati, wazazi wangu Mzee Ludovick na Mama Pudensiana, wakwe zetu mlioondoka Babati kabla ya jua kuchomoza, wanajumuiya na majirani zangu wa Sombetini, ndugu wageni waalikwa: wakubwa wote shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Na ninyi wa rika langu mliokaa kule karibu na spika, nawaomba msinichekeshe, maana nikipoteza mstari sitaupata tena.

Kamati imenipa kazi ya kutoa salamu za ndugu wa bibi harusi. Nitazitoa. Lakini kwanza kuna jambo nataka kuungama, ambalo sijawahi kumwambia mtu, na niliamini kwamba anayelijua ni mmoja tu, kwa sababu yeye ndiye aliyenificha.

Dakika chache zilizopita mshereheshaji amemtambulisha dada yangu Evelyn kama "mwandishi wetu wa Sombetini, mama wa blogu ya Tumehamia Hivyo Hivyo", nanyi mkapiga makofi na vigelegele. Mimi pia nilipiga makofi. Dada aliniangalia, nami nikaangalia keki. Ndugu zangu, blogu ile haiandiki yeye. Naiandika mimi, Agnela, mdogo wake.

Najua mnachojiuliza. Huyu ambaye akitumwa chumvi dukani hunong'ona mpaka muuzaji anamwambia "ongea basi, mwanangu"? Ndiye huyu. Nilisoma shule ya msingi ya Kiingereza, nyumbani ni Kiswahili, na darasani nikitaka kujibu swali lugha mbili zinagombania mlango mmoja. Mpaka nizipatanishe, mwalimu ameshamchagua mwingine. Kwenye karatasi hazigombani. Kwenye karatasi hakuna anayenisubiri.

Nilianza nikiwa kidato cha pili. Sikuwa na habari za mbali za kuandika, nikaandika ninachokiona nikienda shule: nyumba zetu. Nani kati yetu wa Sombetini alihamia nyumba iliyokwisha? Tunaezeka bati, tunatundika turubai madirishani, tunahamia hivyo hivyo, na lipu itakuja Mungu akipenda. Niliandika kuhusu Mama Namnyaki, anayeanika nguo za shule kwenye nondo za ghorofa ambayo bado iko kichwani mwake. Niliandika kuhusu familia iliyotumia mlango wa mbele kama meza ya chakula kwa miaka, na siku fundi alipoupachika, wakala wakiwa wamesimama.

Baada ya miezi mitatu dada akaniuliza una wasomaji wangapi. Nikamwambia sita.

"Sita akina nani?"

"Watatu ni mimi, kwa simu tofauti."

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema, "Agnela, wewe umejenga na hukuweka geti. Watu wataingilia wapi?"

Wakwe zetu, pengine hamjui kazi halisi ya huyu mnayekuja kumchukua. Mnajua ana saluni pale Mbauda. Hamjui kwamba aliwasomea wateja habari zangu wakiwa wanasukwa, akaangalia kila mmoja anacheka wapi na anauliza wapi "ikawaje?" Palepale penye "ikawaje" ndipo alipokata. Kipande hicho akakiweka Facebook, Instagram na kwenye stetasi yake, pamoja na picha ya mlango mmoja tu, na linki chini yake. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wakamlalamikia: "Da Eve, linki yako inakula bando, tusomee." Akawasomea, akarekodi sauti, akaituma kwenye kundi lao. Sauti ile ikazunguka Sombetini, ikafika Sokon One, ikafika Terrat. Na kwa kuwa sauti ilikuwa yake, watu wakajua mwandishi ni yeye. Hakuwahi kusema hivyo. Watu walijaza wenyewe.

Siku aliyosema kwamba ni yeye, alisema kwa ajili yangu. Alikuwa anatuma linki kwenye kundi la wateja wake, kidole kikateleza, ikatua kwenye kundi la jumuiya yetu, chini kabisa ya tangazo la sala ya Alhamisi. Habari yenyewe ilihusu mbuzi wa Mzee Loishiye aliyekula dirisha la turubai, akaingia ndani, akakutwa kitandani. Nilitamani ardhi ipasuke. Na wanajumuiya mkaanza kujibu. "Amina." "Amina, tuzidi kuombeana." Mwenyekiti wetu wa jumuiya, upo hapo mbele, nakuheshimu sana, uliandika: "Amina. Ujumbe mzito." Hata mama, tumekaa naye kochi moja, aliandika Amina huku akimenya ndizi. Blogu huonyesha idadi ya waliofungua. Alifungua mtu mmoja tu.

Mtu huyo tulimsikia Jumamosi koridoni. Koridoni kwetu hakuna vigae, kwa hiyo buti la mvua linajitangaza lenyewe. Nilijificha nyuma ya pazia.

"Hodi. Nani kaandika habari za mbuzi wangu?"

Dada akasimama. "Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umeandika madirisha mawili ya turubai. Ni moja. La pili niliweka kioo Pasaka."

"Samahani, mzee. Nitarekebisha."

"Rekebisha leo, watu wasije wakadhani sifanyi kitu. Na mbuzi ana jina. Anaitwa Diwani, maana anapita kila nyumba."

Mheshimiwa diwani wetu ametuma udhuru leo, ndiyo maana nimepata ujasiri wa kulisema hilo.

Tangu siku ile watu walikuja nyumbani kumwomba Evelyn aandike nyumba zao. Nami nilikaa nyuma ya pazia, na msinionee huruma, nilikuwa na furaha. Ni raha ya ajabu kusikia jirani anasimulia sentensi yako akidhani ni ya mtu mwingine. Lakini kuna siku nilitamani mmoja tu aniulize, "Agnela, na wewe unaandikaga?"

Sasa dada anakwenda Babati. Wiki iliyopita aliniambia, "Usijali, nitaendelea kuposti nikiwa kule, hakuna atakayejua." Ananipenda kiasi hicho. Nilikaa nikalifikiria. Je, Mzee Loishiye akiweka kioo kingine, atapiga hodi Babati? Na dada yangu, akiwa na nyumba yake, abebe jina la kazi yangu mpaka lini, kwa sababu tu mimi naogopa kuangaliwa?

Alhamisi jioni nilikuwa chumbani naandika hotuba hii. Nikasikia hatua zinakuja mlangoni. Ndugu wageni, mkono wangu una mazoea: miguu ikisikika, karatasi inaingia chini ya godoro. Mkono ukainua godoro. Halafu nikaurudisha. Nikaiacha karatasi mezani, imekaa wazi.

Alikuwa baba, anatafuta chaja. Akaiona karatasi, akaisoma palepale amesimama, mpaka mwisho.

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa nini, baba?"

"Kutuambia. Mwanangu, nyumba hii haina dari. Ukuta wenu haujafika juu. Kila unachomsomea dada yako, sisi huku tunakisikia. Ile ya mbuzi, mama yako alicheka ameuma shuka."

Ndipo nilipoelewa kwa nini mama alijibu Amina bila kufungua. Alikwisha kuisikia.

"Sasa mbona ya kwetu hujaiandika?" baba akauliza.

"Niliogopa utakasirika."

"Nikasirike nini, kwani imekwisha? Andika. Ila jikoni nimeweka kioo, usije ukanikosea kama ulivyomkosea Loishiye."

Shemeji Allen, hizi ndizo salamu zetu. Tunakukabidhi mtu ambaye akikuta kitu chako kizuri umekifungia ndani, atakipeleka mpaka kijiwe cha bodaboda, na akisikia miguu ya mtu mwenye hasira koridoni, atasimama yeye mbele. Mtunze. Na kama nyumba yenu ya Babati bado haina lipu, usione haya. Mmeoa kwenye ukoo wa kuhamia hivyo hivyo.

Dada, asante kwa sauti yako. Pumzika sasa. Kuanzia leo nitasoma mwenyewe, hata kama watu watalazimika kuongeza sauti ya simu.

Kabla ya kuingia ukumbini nimeweka habari mpya: nyumba yetu, chumba chetu, na ukuta ule usiofika juu. Chini yake kuna jina, Agnela Ludovick. Linki nimeituma kwa kidole changu kwenye kundi la kamati na la jumuiya. Hizo simu zilizolia wakati wa sala zilikuwa ni mimi, Baba Paroko, unisamehe. Mzee Loishiye, ukiona dirisha lolote nimekosea, ni chumba cha mwisho kushoto. Piga hodi, uniulizie mimi.

Mmenipa masikio yenu, na kwa mtu kama mimi hilo si jambo dogo, nawashukuru sana. Sasa nawaomba macho. Nanyi wanajumuiya, kwa heshima zote, msijibu Amina kabla hamjafungua.