Mimba Sita za Mwalimu Cadette

Ndugu, majirani na walimu mliokuja kumzika dada yetu hapa Kabambare, mimi ni François, kaka yake mkubwa, jamaa imenipa karatasi hii niisome, na nitaisoma yote, hata pale ambapo asubuhi hii niliombwa niruke.

Cadette alizaliwa Lusangi tarehe 3 Juni 1990, mtoto wa nne wa baba yetu Nestor, mkulima, na mama yetu Victoire, akasoma shule ya msingi hapo hapo Lusangi, akaendelea na sekondari Kasongo, akapata diplome ya serikali, cheti cha kumaliza sekondari, mwaka 2008, na kuanzia Septemba 2009 alifundisha darasa la kwanza huku Kabambare, ambako wengi waliosimama hapa nyuma alishika mikono yao ilipoandika herufi ya kwanza.

Tarehe 10 Agosti 2013 aliolewa na Jean-Paul, mnunuzi wa dhahabu, ambaye ameketi mbele yangu.

Kuhusu watoto, niliambiwa niseme tu kwamba marehemu hakuacha mtoto, nami nakataa, kwa sababu mimba yake ya kwanza ilitoka tarehe 6 Mei 2014, ya pili tarehe 19 Januari 2015, ya tatu Novemba 2016, siku hakutaka kuitaja, ya nne tarehe 2 Agosti 2018, na ya tano tarehe 11 Machi 2020, hii ilikuwa ya miezi mitano, mtoto msichana, akamfunga ndani ya kitenge chake cha harusi na kumpa jina la mama yetu. Wiki ileile mama mkwe wake, Mama Régina, alisema sokoni mbele ya watu, "Huyu ni mulozi, anakula watoto ndani ya tumbo," na wazazi wakaanza kuwatoa watoto wao darasani kwake.

Aprili 2021 yeye na mume wake walipimwa damu Bukavu, na majibu yalipokuja, munganga wa hospitali aliwaeleza kwamba mwilini mwa kila mtu kuna nyuzi ndogo sana ziitwazo kromozomu, zinazobeba urithi wa baba na mama, na kwamba kwa Jean-Paul vipande viwili vya nyuzi hizo vimebadilishana mahali, yeye mwenyewe ni mzima kwa kuwa hakuna kilichopungua, lakini mtoto anaweza kupokea kipande cha ziada au kukosa kimoja, na mimba ya namna hiyo mara nyingi haikai.

"Mama, hii si kosa yako, na baba, si kosa yako pia," munganga alisema, "mimba ingine inaweza kukaa vizuri, lakini damu ikitoka, mukuje lopitali siku ileile."

Njiani Jean-Paul alimwomba, "Usiambie mama yangu, watasema mimi si mwanaume," na dada yangu akanyamaza karibu miaka mitatu, akitukanwa kwa siri isiyo yake, mume akisikia na kuendelea kula. Jean-Paul, damu yako haikuwa kosa, nasema hili mbele ya wote, kosa ni kunyamaza kwako.

Jumatatu tarehe 29 Januari 2024, mimba ya sita ikiwa na wiki kumi na moja, alianza kutokwa na damu nyumbani kwa mama mkwe, akaomba pikipiki ya kwenda hospitali, Mama Régina na watu wa nyumba yake wakamfungia katika chumba cha maombi siku tatu bila chakula ili ulozi umtoke, na Jean-Paul, alipopigiwa simu machimboni, alijibu, "Mufanye vile mama anasema." Siku ya nne jirani yake Djamali alivunja kufuli, akampeleka kwa pikipiki hadi hospitali ya Kasongo, nami nikawakuta huko, na Ijumaa tarehe 2 Februari, saa tisa mchana, baada ya kunieleza yote haya, alifariki mikononi mwangu, akiwa na miaka thelathini na mitatu, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba aliugua ghafla.

Tunawashukuru waganga na wauguzi wa Kasongo, wawili kati yao walitoa damu yao wenyewe, tunamshukuru Djamali, tunawashukuru walimu wenzake waliofundisha darasa lake, na walioshika ufunguo hatuwashukuru.

Neno lake la mwisho kwangu mimi kaka yake lilikuwa hili: "Yaya, Sarah-Grâce naye amepoteza mimba mbili, umwambie apimwe, wasimufunge." Sarah-Grâce, wewe ni dada wa Jean-Paul, kilicho kwake kinaweza kuwa kwako pia, bila kosa lolote, nitakupeleka Bukavu mimi mwenyewe, na atakayetuzuia atanikuta mlangoni.

Cadette, nimemwambia, lala sasa.