Maua ya Minato

Shule zilikuwa zimefunga kwa likizo ya kiangazi. Ndani ya basi, hapa Kumamoto, Japani, mama mmoja alipakata chungu cha maua ambayo mwanawe wa darasa la kwanza alipewa na shule ayatunze likizoni.

"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza bibi aliyeketi kando yake.

"Minato? Nyumbani, anapumzika. Hata maji namwagilia mimi, yeye husahau."

"Ndiyo maana majani yamekuwa ya manjano. Ukiyanywesha kutwa, mizizi inadeka. Mtoto naye ni hivyohivyo, mwache aone kiu."

"Ni rahisi kusema, bibi. Wako wameshakua."

"Wamekua kwa sababu niliwaachia."

Mimi niliyeketi nyuma yao nikajifanya nimelala.

Basi liliposimama, bibi alishuka. Mwanamume mwenye mvi na tai alikuwa akimngojea. Bibi akamkabidhi chakula cha mchana, akampangusa jasho. "Maji umekunywa, mwanangu?"