Mzee Mabonga na Maporomoko Aliyoyafunga

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Maurice Mabonga anastaafu baada ya kuwatumikia wananchi kwa miaka thelathini na minne. Alianza akiwa karani wa soko hapa mjini Eldoret, akapelekwa sehemu ya maji, na anamalizia akiwa afisa wa utalii wa jamii. Wengi wetu tulimkuta kazini, na somo la kwanza alilotupa ni kwamba mwananchi akija ofisini apewe kiti kabla ya kuulizwa shida yake.

Kazi atakayokumbukwa nayo ni ile ya Kapsirwo, kijiji kilicho mbele ya Ainabkoi, penye maporomoko ya maji. Alipowaambia wakulima wa huko kwamba wageni wanaweza kulipa ili walale kwao, wakamue ng'ombe na kunywa mursik, yale maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu, baraza zima lilicheka. "Mzee, mtu atoke Nairobi aje kukanyaga mavi ya ng'ombe?" mmoja aliuliza. Mzee alijitolea kuwa mgeni wa majaribio, akalala nyumba baada ya nyumba. Katika moja kitanda kilivunjika akiwa juu yake. Asubuhi alimsifu mwenye nyumba kwa godoro.

Wageni walikuja kweli. Ada yao ilileta maji ya mfereji hadi kwenye zahanati. Mama Priscah alifungua jiko kando ya njia ya maporomoko, na kuku wake akajulikana hadi Kimumu, huku mjini. Mwanawe Kipyego, baba wa watoto wawili, alikuwa kiongozi wa wageni. Mzee ndiye aliyemfundisha kazi hiyo.

Aprili, miaka mitatu iliyopita, mvua kubwa ilinyesha huku Kipyego akiwa chini ya maporomoko na kundi la wageni. Ukingo ulianza kumeguka. Aliwasukuma juu mmoja mmoja mpaka wote wakatoka, kisha udongo ukamfunika yeye. Mzee alichimba pamoja na wanakijiji, kwa jembe na kwa mikono, hadi mwili ulipopatikana. Kisha akaenda mwenyewe kwa Mama Priscah. Waliyoambiana hajawahi kutusimulia.

Baada ya mazishi aliifunga njia ya maporomoko. Wageni walikatiza safari zao, vyumba vikabaki vitupu, na kamati ya kijiji ikaitisha baraza ili njia ifunguliwe kabla ya Krismasi. Aliyesimama kumkabili alikuwa Mama Priscah.

"Mzee, mwanangu ameenda. Sasa hata jiko langu unazima? Hawa wajukuu aliniachia nitawalisha nini?"

Mzee alimgeukia. "Mama, mimi nitakuja kula kwako. Lakini mgeni simpeleki pale. Ule ukingo haujamaliza kuanguka."

"Wewe ni mtu wa kutoka Bungoma," mwingine akamrukia. "Utarudi kwenu, sisi tubaki na njaa."

Mzee hakuifungua njia, ingawa shinikizo lilitoka kila upande, mpaka mjini. Kuanzia hapo, akiwasalimu watu wa Kapsirwo, wengi walitazama kando. Aliendelea kwenda. Alikula kwa Mama Priscah kama alivyoahidi, akihudumiwa bila neno. Alijaribu kuleta wageni wa kutembelea mashamba tu, bila maporomoko, wakaja wachache mno. Pampu ya zahanati ilipoharibika, hapakuwa na ada ya kuitengeneza, na akina mama wakarudi kubeba maji ya mtoni hadi kwenye chumba cha kujifungulia. Mzee alihangaika ofisi hadi ofisi mpaka zahanati ikaunganishwa na maji ya umma. Ilichukua muda mrefu. Anasema ndiyo kazi iliyomchosha kuliko zote.

Mwaka jana, mvua za Novemba ziliuporomosha ukingo wote mchana wa Jumapili, saa ambayo zamani wageni walikuwa wakijaa. Jukwaa la kupigia picha, njia na nusu ya kilima viliingia mtoni. Hapakuwa na mtu.

Kamati ilimwita. Alisimama nao pale juu, wakitazama tope. Mama Priscah alisogea karibu naye.

"Ungefungua, tungezika wangapi?"

"Tulizika Kipyego, Mama. Yeye anatosha."

Maporomoko ya Kapsirwo hayatafunguliwa tena, na hatuna mradi wa kujivunia tunapomuaga Mzee leo. Wenye jiko na vyumba bado wanatafuta riziki nyingine. Lakini wako watu wanaotembea leo hii bila kujua kwamba wana deni kwake.

Mzee Mabonga, asante kwa kubeba lawama ambayo ilikuwa yetu sote. Mungu akujalie afya, usingizi mzuri, na jirani wa kukusalimu.

Joy Namalwa, kwa niaba ya wenzako kazini