Jina Lisilo na Mrithi

"Nyumbani nikiliita jina la babu, wanaitika watoto wanne na jirani," fundi seremala alimlalamikia bibi aliyeketi naye basini. "Huyu wangu aliyezaliwa juzi namtakia jina la kale, ila liwe lake peke yake."

"Chukua la marehemu mume wangu. Tulizaa mabinti watupu, na wajukuu wamepewa majina ya upande wa baba zao." Akamnong'oneza. Mimi, kijana mwenye adabu zake niliyeketi kiti cha nyuma yao, niliinama hadi nikakaribia kuanguka, nisiambulie kitu.

"Zuri, bibi. Sijui mama yake atasemaje."

"Kamwulize, mjukuu wangu. Ila kwanza liite, tulisikie."

Basi likasimama. Fundi akashuka, akaliita kwa sauti. Kituo kizima hakuna aliyegeuka. Ndani ya basi, bibi aligeuka haraka, akatazama mlangoni.